Jinsi ya kulichambua neno la Kiswidi "kyrkosång" hadi kwenye mizizi yake

Mdogo wangu anaimba kwaya Göteborg. Juzi alinipigia simu: kitabu chao cha nota kimeandikwa kyrkosång, na kamusi yake ndogo haina neno hilo. Tulilichambua hivi.

Hatua ya 1: Anzia mwisho. Kiswidi huweka neno kuu nyuma, kinyume na sisi. Sång ni wimbo, au uimbaji. Ni ndugu wa kitenzi sjunga, kama wimbo na imba.

Hatua ya 2: Kata neno mahali pake. Hapa nenda polepole. Mara ya kwanza nilikata kyrk-osång, kwa sababu o- mwanzoni mwa neno la Kiswidi hukanusha: lycka ni bahati njema, olycka ni ajali. Jioni nzima nilitafuta "osång" bila kupata kitu. Mkato sahihi ni kyrko-sång. Hiyo -o- ni mabaki ya Kiswidi cha kale, ambapo kyrkia, yaani kanisa, ilibadilika kuwa kyrkio ilipomaanisha "ya kanisa". Kwa hiyo irabu moja inafanya kazi ya "wa" katika "wimbo wa kanisa"! Maneno yenye silabi fupi ya kwanza yalibaki na -u-: gata (mtaa) hutoa gatunamn, jina la mtaa. Kyrkia ilikuwa na silabi ndefu ya kwanza, ikapata -o-. Lakini usiifanye kanuni ya kila mahali, maana benchi la kanisani ni kyrkbänk, bila irabu yoyote. Kagua neno mojamoja.

Hatua ya 3: Fuata kyrka. Asili yake ni Kigiriki, kyriakon, "ya Bwana", kutoka kyrios, bwana. Kirche ya Kijerumani imetoka hukohuko.

Hatua ya 4: Hakikisha kwenye kamusi ya kihistoria. Mimi huanza na SAOB, kamusi ya Akademi ya Uswidi, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1898 na ya mwisho 2023. Inasomwa bure mtandaoni. Kisha namfungua Elof Hellquist, kamusi ya asili ya maneno ya 1922. Programu za kutafsiri ziache kabisa kwa kazi hii: zinakupa maana ya leo tu, na ile -o- haziitaji hata kidogo.

Ukimaliza, jaribu kyrkogård. Gård ni ua, yaani uwanja wa nyumba.