Desemba ya kwenda kwetu na Januari ya shule: mambo ya kuzingatia kabla hujakata tiketi

Wazazi wenzangu wa Dar ambao kwenu ni Kilimanjaro, iwe Marangu, Rombo, Machame au popote pale ambako Desemba lazima mtu aonekane, haya nayaandika Novemba makusudi, mana Desemba ikishaingia hakuna anayemsikiliza mwenzie, vichwa vyote viko stendi Mbezi. Safari yenyewe sina ugomvi nayo, mimi naipenda na mume wangu asipoenda anaumwa kabisa, shida ni kwamba shule zinafungua Januari, siku chache tu baada ya mwaka mpya, na hela iliyochinja mbuzi hairudi kununua viatu. Kwaiyo kwangu mpangilio ni mmoja na siubadilishi hata shemeji zangu wanune: vitu vya Januari vinanunuliwa kwanza, vinafungiwa kabatini, alafu kinachobaki ndo kinatuambia tunaenda watu wangapi, kwa basi gani na tutakaa siku ngapi. Wengi tunaanza na safari alafu shule tunaiachia bahati, na bahati Januari haipokei simu.

Anza na makaratasi, mana haya hayahitaji hela nyingi ila yanakula muda. Kama mtoto anaanza awali au darasa la kwanza shule ya serikali, uandikishaji huwa unaanza tangu Oktoba, na wanataka cheti cha kuzaliwa. Kama hana, nenda RITA wanakotoa hivyo vyeti mapema au anza maombi yao ya mtandaoni, usisubiri wiki ile ambayo nchi nzima imekumbuka kuwa watoto wamezaliwa. Na hapa kwenye majina naomba tuwe makini jamani. Mtoto mmoja ana jina la ubatizo, ana jina la babu yake la Kichaga, nyumbani anaitwa Junia, kwenye kadi ya kliniki nesi aliandika alivyosikia, sasa siku ya kuandikishwa anaenda dada wa kazi na anataja analolijua yeye. Jina litakaloandikwa shuleni ndo linamfuata mpaka kwenye mitihani ya taifa ya NECTA na vyeti, kuja kulibadilisha ukubwani ni mlolongo wa viapo na wanasheria. Kaeni baba na mama mkubaliane majina matatu, mpangilio na herufi zake, mwandike kwenye karatasi, karatasi hiyo ndo iende shule pamoja na cheti. Na ukiwa bado unafungua fungua hayo mafaili angalia na bima ya mtoto inaisha lini, na kama una binti wa miaka 9 mpaka 14 uliza kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, toka 2024 wanachoma dozi moja tu, sio mbili kama zamani.

Haya, sare. Watu wanajua Januari bei ya sare inapanda lakini kinachotuumiza zaidi ni fundi. Fundi huyohuyo anayeshona kaptula na sketi za bluu ndo huyohuyo ana magauni ya Krismasi, ana vitenge vya ukoo fulani wanaotaka kufanana, ana suti ya bwana harusi, we ukimpelekea kitambaa Desemba tarehe 20 atakwambia "njoo keshokutwa dada" na keshokutwa hiyo itafika shule zimeshafunguliwa. Peleka Novemba, lipa nusu, chukua kabla hujasafiri, na mwambie aache pindo kubwa chini, mana mtoto anayekula ndizi na maziwa ya bibi wiki tatu anarudi suruali imempanda. Shati nyeupe mimi nanunua za dukani, mbili au tatu, sioni sababu ya kushona. Sweta na tisheti zenye nembo shule nyingi za binafsi wanauza wao wenyewe na saizi ndogo zinaisha haraka, kwaiyo ulizia kabla mhasibu hajafunga ofisi. Viatu usinunue bila mtoto. Najua kumpeleka Mtaa wa Kongo Desemba ni adhabu, basi nenda Novemba katikati ya wiki asubuhi, au mpime mguu kwenye karatasi, kata ile alama, nenda nayo, ongeza nafasi ya kidole kimoja mbele, sio vitatu kama tulivyofanyiwa sisi tukawa tunatembea kama bata mwaka mzima.

Madaftari na kaunta buku nunua kwa jumla Kariakoo, changisha na mama wawili watatu wa mtaani mnunue boksi mgawane. Hii ya kuweka majalada ndo waachie watoto wenyewe. Wape karatasi za kaki, gundi, mkasi usio na ncha, waandike majina yao, hata wa awali abandike stika. Ni shughuli ya mchana mzima ya likizo, haina gharama, na mtoto aliyejaladia daftari lake mwenyewe halichani wiki ya kwanza. Mimi ningechukua hiyo kuliko tuisheni ya likizo nzima, samahani kwa walimu wanaosoma hapa. Mtoto katoka kwenye mitihani Desemba hii mnampeleka tena saa mbili asubuhi, atapumzika lini?

Kuhusu vitabu kuna jambo wengi wanajisahau. Ile kawaida ya kumrithisha mdogo vitabu vya kaka yake kwa miaka hii iangalie vizuri, mana mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali (ule wa ufundi), alafu unapanda nao mwaka hadi mwaka. Kaka mtu aliyetangulia huenda alisoma mtaala wa zamani, vitabu vyake vikawa vya kufungia vitumbua. Kabla hujanunua au hujarithisha muulize mwalimu wa darasa anatumia kipi. Na Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao ambayo vitabu vya kiada unavisoma bure, kwaiyo kama una simu nzuri unaweza kuangalia kwanza mtoto anaenda kukutana na nini, hasa wale wa la kwanza serikalini ambao sa hivi Kingereza wanaanza kama somo tangu hapo.

Hela za shule zenyewe sitakaa sana. Serikalini ada haipo tangu 2016 lakini uji upo, chakula kipo, mlinzi yupo, kwaiyo nenda kwenye kikao cha wazazi badala ya kulalamika getini. Binafsi, muombe mhasibu mchanganuo wa awamu kwa maandishi kabla ya kufunga shule, na kama unajua Januari hutafikisha nusu sema sasa, ofisini, kwa heshima, sio siku mtoto amesimamishwa mstarini. Kama unacheza mchezo wa kupeana hela au kikoba omba zamu yako iangukie Desemba mwishoni au Januari, wenzio wanaotaka ya Krismasi watakushukuru kwa kuwaachia. Na wale mnaowaza bweni kwa mtoto mdogo mkumbuke tangu 2023 serikali ilizuia bweni kwa awali mpaka darasa la nne, labda shule iwe na kibali maalumu, kwaiyo shule ikikwambia "mlete tu" omba uone hicho kibali.

Sasa safari. Tiketi za Moshi Desemba kila mtu anazijua, zinaisha, alafu zinaonekana tena mikononi mwa wapiga debe kwa bei ya ajabu. Kata mapema, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, narudia, na ya kurudi, mana kwenda watu wanaenda kwa siku tofauti tofauti lakini kurudi wote tunataka wikiendi ileile. Nauli halali inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ijue kabla hujafika dirishani. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku na wengi wanayapenda kwa sababu watoto wanalala, mimi na watoto wadogo bado naenda na basi la alfajiri, njia ni zaidi ya kilomita 500, nataka kumwona dereva na barabara. Beba mifuko ya kutapikia, maji, ndizi mbivu, kanga mbili, na mtoto asile chipsi mayai za njiani kama hajazizoea. Nguo za baridi ziwe kwenye begi la mkononi, mana mjini Moshi ni joto ila ukipanda kule juu usiku mtoto wa Dar anatetemeka. Na dawa zake za pumu au kifafa zihesabu siku zote za likizo na uongeze, duka la dawa la kijijini usilitegemee.

Alafu kuna maandalizi ambayo hayamo kwenye begi lolote, ya kumwandaa mtoto kukutana na kwao. Tunawapeleka watoto kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama mizigo, wanashushwa kwenye gari, wanaambiwa "msalimie bibi," wanarudi kwenye simu. Wiki mbili kabla kaa nao uwachoree ukoo kwenye karatasi: huyu ni babu, huyu baba mkubwa, huyu shangazi, yule tunayemwita mama mdogo ni mtoto wa nani. Wafundishe shikamoo isiyo ya kunong'ona. Wafundishe na salamu mbili tatu za Kichaga cha kwenu, mana Kichaga cha Rombo na cha Machame sio kimoja, muulize baba yao, na kama baba yao mwenyewe amesahau piga simu kwa bibi awafundishe kwa spika, bibi atafurahi mpaka basi. Waambie kabla kwamba mbuzi atachinjwa na kama hawataki kuangalia hawatalazimishwa. Hapa nawaomba akina baba, mtoto wa miaka mitano analia we unamshika kichwa aangalie eti awe mwanaume, hapana. Ila akitaka kujua, mkalishe karibu na babu aulize kwa nini nyama haigawanywi hovyo, kila kiungo kina mtu wake, kwa nini kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kinapikwa siku hiyo, kwa nini jani la sale, ule mmea Wachaga wanaoombea msamaha, ukipelekewa unatakiwa usamehe hata kama umekasirika. Mtoto wangu mkubwa hilo la sale alilielewa haraka kuliko mahubiri yangu yote, sa hivi akigombana na mdogo wake anaenda kuchuma jani lolote la maua anamletea.

Na wape kazi. Mmoja amenye ndizi za mtori na shangazi, mwingine aende na binamu zake kukata majani ya ng'ombe, anayejua kuandika apewe daftari jipya moja katika yale ya shule, aandike mambo ya babu na bibi: walisoma wapi, walitembea umbali gani, walipigwa kwa kosa gani, walikula nini sikukuu. Waache na binamu zao wacheze kombolela na rede mpaka giza liwatoe nje, simu ikae kwa mama.

Jambo la usalama linatusumbua kulisema kwa sababu ni familia, lakini tuliseme. Nyumba inajaa, watu wanakunywa mbege, ile pombe ya ndizi, na vingine, kulala ni popote panapopatikana. Kabla hujatoka Dar amua mtoto wako atalala wapi na nani, mwambie mume wako ampigie mama yake mapema mkubaliane, mana ukifika kule ukaanza kupanga usiku utaonekana una maringo. Mwambie mtoto kwa lugha yake kwamba hakuna mtu wa kumshika sehemu zake za siri hata awe nani, na akija kukwambia kitu umsikilize kwanza kabla ya kutetea ukoo. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, iwepo kwenye simu yako. Na mbege mtoto asionjeshwe hata kwa utani.

Kwa wanaobaki Dar mwaka huu, kubaki sio aibu. Panga nao siku chache za kutoka na zingine za nyumbani. Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo wana nyumba za makabila zilizojengwa kama zilivyo, Wahaya, Wagogo, Wazaramo, watoto wanaingia ndani na kuuliza. Maktaba Kuu ya Taifa mjini ina sehemu ya watoto. Ufukweni nenda siku za kazi, sio tarehe 25 wala mosi, na kama lazima iwe siku hizo mwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika na mkubwa mmoja asiingie majini, kazi yake iwe kuhesabu vichwa.

Kurudi, rudini mapema, angalau ziwe zimebaki siku tatu nne kabla ya shule kufungua. Mtoto aliyekuwa analala saa sita usiku akisikiliza stori jikoni kwa bibi hawezi kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule ghafla tu, msogeze kidogo kidogo, kila siku alale mapema kuliko jana. Siku hizo ndo za kufua, kunyoa au kusuka, kujaribisha sare, kuhakikisha wa awali anaweza kufungua zipu na kwenda chooni mwenyewe, anajua jina lake kamili na namba yako ya simu kichwani. Na kazini omba ruhusa ya ile asubuhi ya kwanza sasa hivi Novemba, kabla bosi hajapokea barua za watu wote.