Watoto kumi na mmoja, chuchu kumi

Mbwa wangu Malkia, hapa Nzuguni, Dodoma, kazaa kumi na mmoja. Chuchu anazo kumi, na zile mbili za kifuani hazitoi maziwa ya maana. Uzao wa namna hii lazima uingilie kati.

Siku ya kwanza hakikisha kila mtoto kapata dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya mama. Kinga yao imo humo, na baada ya siku moja hivi utumbo hauipokei tena. Kisha gawa makundi mawili, wakubwa mbali na wadogo, wanyonye kwa zamu kila saa mbili, usiku na mchana. Wadogo watangulie, uwaelekeze chuchu za nyuma zilizojaa.

Baridi huwaua kabla ya njaa. Juni na Julai upepo wa Dodoma unapita chini ya mlango usiku kucha, na mtoto wa mbwa wiki mbili za mwanzo hawezi kujipasha joto. Boksi liwe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza. Mimi najaza maji ya moto kwenye chupa, nazifunga kwa kanga kuukuu, naziweka upande mmoja tu ili anayeunguzwa na joto ajisogeze. Ukimkuta mmoja amepoa, mdomo baridi, sauti haitoki, usimpe maziwa kwanza. Tumbo lililopoa halisagi. Mtie kifuani ndani ya nguo, apate joto taratibu, hata saa nzima.

Nunua mizani ya jikoni. Kila mtoto mfunge uzi wa kufumia wa rangi yake, uliolegea, na uubadilishe kila baada ya siku chache maana shingo zinanenepa upesi. Pima kila asubuhi, andika. Uzito unatakiwa kupanda kila siku na kufika maradufu kati ya siku ya 7 na ya 10. Aliyesimama palepale mwongezee kwa chupa, hata kama anaonekana mchangamfu. Tafuta maziwa maalumu ya watoto wa mbwa. Ya ng'ombe matupu ni mepesi kwao na huwaharisha. Mlishe akiwa kifudifudi, kamwe si chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Akimaliza, mpanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ndipo akojoe.

Viroboto wa vumbi letu hunyonya damu ya watoto mpaka fizi zinakuwa nyeupe. Chambua kwa kichana, badilisha matandiko. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiwaguse nayo, tafadhali.

Mama ale mara nne kwa siku: ugali wa uwele, dagaa, supu ya utumbo, maji muda wote. Akianza kutetemeka, kuhema na kutembea amekakamaa, madini ya chokaa yamemwishia kwenye maziwa. Watoe watoto, mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje kuche.

Watoto wape dawa ya minyoo wiki ya pili, irudie kila wiki mbili. Uji laini waanze wiki ya nne.