Jinsi ya kuomba nafasi ya kuzungumza kuhusu muswada katika Bunge la Jimbo la Washington

Jumatatu ya pili ya Januari kila mwaka, wabunge wa Jimbo la Washington hukutana Olympia, mji mkuu wa jimbo. Mwaka wa witiri kikao chao huchukua siku 105, mwaka wa shufwa siku 60 tu. Katika muda huo hupita mambo yanayotugusa moja kwa moja sisi tunaoishi Kent, Tukwila, SeaTac, Tacoma na hata Spokane: kodi ya nyumba, malipo ya madereva, kazi za kutunza wazee, bima ya afya, shule za watoto. Wengi wetu hupata habari gavana akishatia sahihi. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nataka tuwe tunafika mapema.

Kwanza niondoe hofu mbili ninazozisikia kila mara. Huhitaji kuwa raia ili uzungumze mbele ya kamati ya Bunge. Kupiga kura ni kwa raia, lakini kutoa maoni kuhusu muswada ni ruhusa kwa kila mtu, awe na kadi ya kijani, awe mkimbizi anayesubiri uamuzi, awe mwanafunzi. Pia huhitaji wakili wala shirika la kukusemea. Mkenya anayeijua Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010, inayolitaka Bunge liushirikishe umma, hatashangaa. Ila hapa hakuna atakayekuja kuitisha baraza mtaani kwenu. Unajiandikisha mwenyewe, na saa ya kufunga orodha haimngojei mtu.

Tafuta muswada wenyewe

Jimbo zima lina wilaya 49 za uchaguzi. Kila wilaya ina seneta mmoja na wawakilishi wawili, kwa hiyo Seneti ina watu 49 na Baraza la Wawakilishi lina 98. Kila muswada huwasilishwa na mbunge mmoja, na wenzake wanaouafiki huongeza majina yao. Ukianzia kwa Wawakilishi hupewa herufi HB na namba kuanzia 1000, ukianzia Seneti hupewa SB na namba kuanzia 5000.

Ingia kwenye tovuti ya Bunge, leg.wa.gov, uandike namba ya muswada. Kama namba huijui, tafuta kwa neno la mada. Utaona maandishi kamili, majina ya walioupeleka, na hatua ulipofikia. Usianze na maandishi yenyewe, kwa kuwa lugha ya sheria huchosha hata wenye Kiingereza chao. Anza na ripoti au uchambuzi unaoandikwa na watumishi wa Bunge wasioegemea chama chochote. Mara nyingi ni kurasa chache tu, na hueleza sheria ya sasa inasema nini na muswada unataka kubadili nini.

Ziangalie kwa makini herufi zinazotangulia namba. S ikikaa mbele ya HB, kamati imeuandika upya muswada. E maana yake umerekebishwa ukumbini, yaani mbele ya baraza zima. Namba inabaki ileile huku yaliyomo yamegeuka, na ni rahisi mtu kujiandaa kwa wiki nzima kupinga kifungu kilichokwisha kufutwa. Soma toleo la mwisho, na ulisome tena siku moja kabla ya kuzungumza.

Jua wakati wa kuingia

Muswada hupita mikononi mwa watu wengi. Kamati ya mada huusikiliza na kuupigia kura. Ukiwa na gharama kwa serikali, huenda pia kwenye kamati ya fedha. Kisha unaingia kamati ya ratiba, inayochagua miswada itakayofika ukumbini, na mingi hufia hapo kimyakimya. Ukumbini unahitaji kura 50 kwa Wawakilishi au 25 katika Seneti. Ukipita, unavuka kwenda upande wa pili na safari inaanza upya. Kila hatua ina tarehe ya ukomo. Katika kikao cha siku 60, kamati za mada huwa na wiki tatu hivi tu, na katika kile cha siku 105 huwa na wiki kama sita.

Mwananchi husikilizwa kwenye kamati. Ukumbini hawezi kusema neno. Kwa hiyo mlango wako ni kikao cha hadhara cha kamati, na kwa kuwa kuna mabaraza mawili, mara nyingi muswada mmoja huwa na milango zaidi ya mmoja. Usikichanganye na kikao cha maamuzi, ambacho wajumbe hukaa kurekebisha na kupiga kura na wewe unatazama tu.

Muswada wa kodi ya nyumba unaonyesha kwa nini nasisitiza haya. Mwaka 2024 HB 2114, uliotaka kuweka kikomo kwa ongezeko la kodi, ulipita kwa Wawakilishi ukaja kukwama katika kamati ya fedha ya Seneti. Waliokuwa wamejipanga kuzungumza baadaye hawakupata hiyo baadaye. Mwaka 2025 wazo hilo lilirudi kwa namba mpya, HB 1217. Wawakilishi waliupitisha, Seneti ikaubadilisha sana, mabaraza yakaunda kamati ya pamoja, na maafikiano yakapatikana siku ya mwisho ya kikao, Aprili 27. Gavana Bob Ferguson alitia sahihi Mei 7, 2025. Leo, kwa nyumba nyingi za kupanga, mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha kodi ndani ya miezi 12 ya kwanza, na baada ya hapo hawezi kuzidisha asilimia 7 pamoja na mfumuko wa bei, au asilimia 10, ile iliyo ndogo. Muswada unaoonekana umekufa huweza kurudi. Ule wa mwaka wa witiri huendelea kuwa hai mwaka wa shufwa unaofuata. Baada ya miaka hiyo miwili yote iliyobaki hufutika, na anayeutaka lazima aanze upya.

Kujiandikisha

Ratiba za kamati huwekwa kwenye tovuti, na ukurasa wa muswada huonyesha siku, saa na chumba. Fungua ukurasa wa kujiandikisha kwa kamati, chagua baraza, kamati, kikao, kisha muswada. Utapewa njia nne: kuzungumza ukiwa mbali kwa Zoom, kuzungumza ukiwa Olympia, kutuma maoni kwa maandishi, au kuandikisha msimamo wako tu.

Utaulizwa msimamo. Pro ni kuunga mkono, Con ni kupinga, na Other ni kwa mwenye maoni ya kati. Mtu anayelipenda lengo la muswada lakini ana shida na kifungu kimoja, Other ndiyo yake, na wajumbe humsikiliza kwa makini kwa sababu huwaletea jambo la kurekebisha.

Saa ni hizi, ziandike mahali. Kuzungumza au kuandikisha msimamo kunafungwa saa moja kabla ya kikao kuanza. Maoni ya maandishi hupokelewa mpaka saa 24 baada ya saa ya kuanza kikao. Kikao kikianza saa mbili asubuhi, saa moja asubuhi orodha imefungwa. Jiandikishe usiku wa kuamkia siku hiyo, ulale.

Fomu hutaka jina na mawasiliano, na unachokijaza huwa kumbukumbu ya umma. Sauti na picha yako pia hubaki, kwa kuwa vikao hurushwa na kuhifadhiwa na TVW, kituo cha televisheni kinachoonyesha shughuli za serikali ya jimbo. Hapa naomba tuwe waangalifu kweli. Hulazimiki kutaja hali yako ya uhamiaji, na usiitaje. Usitaje jina la jirani, la mtoto, wala la mgonjwa unayemtunza. Kama una kesi mahakamani au uhamiaji inayogusana na jambo hilo, muulize wakili wako kwanza. Anayeona hatari ni kubwa anaweza kukaa na mwenzake wakapanga maneno, na yule ambaye makaratasi yake ya uhamiaji yametulia ndiye akazungumza.

Kama Kiingereza kinakupa taabu, usingoje siku yenyewe. Mara tu ratiba ikitoka, wasiliana na watumishi wa kamati, majina yao yako kwenye ukurasa wa kamati, useme unahitaji mkalimani wa Kiswahili na uulize muda utahesabiwaje ukitafsiriwa. Wasipoweza kukusaidia kwa muda uliobaki, tuma maandishi kwa Kiingereza kilichosaidiwa na mtu unayemwamini.

Maneno yenyewe

Mwenyekiti hugawa muda kulingana na wingi wa watu. Tegemea dakika moja au mbili. Miswada mikubwa huvuta mamia ya watu na wengine hawafikiwi, kwa hiyo andaa pia nakala ya kutuma.

Anza kwa kumsalimu mwenyekiti na wajumbe, taja jina lako, mji unaoishi, na msimamo wako pamoja na namba ya muswada. Sentensi mbili zinatosha. Kisha eleza jambo moja lililokupata wewe, lenye tarakimu. “Kodi imepanda sana” ni maneno ambayo wameyasikia asubuhi nzima. Lakini “nilikuwa nalipa dola 1,500, nikaletewa barua ya dola 1,950 na kuniachia miezi mitatu” ni habari ambayo mjumbe anaweza kuirudia ukumbini. Malizia kwa ombi lililo wazi: pitisheni, kataeni, au badilisheni kifungu fulani hivi.

Najua malezi yetu yanatutaka tuzunguke kidogo kabla ya kufika kwenye hoja, tusalimie, tuombe radhi, tumshukuru kila mkubwa aliyepo. Adabu hiyo ni nzuri na sitaki tuiache, lakini mbele ya kamati salamu moja inatosha, dakika ni moja. Soma kwa sauti nyumbani ukiwa na saa ya simu. Ukikatizwa ukiwa umeshafikisha ombi lako, hujapoteza kitu.

Ukizungumza kwa Zoom, ingia mapema na jina lililo kwenye skrini liwe lile ulilojiandikishia. Dereva, egesha gari kwanza. Mjumbe akikuuliza swali na hujui jibu, sema hujui na kwamba utatuma jibu kwa maandishi, kisha ulitume kweli.

Madereva wa programu za usafiri, wakiwemo wengi wa Afrika Mashariki, wamefaidika na muswada wa aina hii: HB 2076, uliotiwa sahihi na Gavana Jay Inslee mwaka 2022, uliweka kima cha chini cha malipo kwa dakika na kwa maili katika jimbo zima, na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Jambo la barabarani kwetu likawa sheria ya jimbo.

Baada ya kamati

Rudi kwenye ukurasa wa muswada. Pale kuna sehemu ya kutuma maoni kwa wabunge wa wilaya yako, ukijaza anwani ili mfumo uwajue ni nani. Huu ndio wakati wa kuwaandikia hao watatu wako, hasa muswada ukikaa kwenye kamati ya ratiba. Asiyependa kuandika apige simu ya bure ya Bunge, 1-800-562-6000, aache ujumbe mfupi wenye namba ya muswada. Akitaka mkalimani, ataje lugha yake mwanzoni kabisa.

Muswada ukipita mabaraza yote mawili kwa maneno yaleyale, unakwenda kwa gavana. Ana siku 5 bila kuhesabu Jumapili, au siku 20 kama umemfikia mwishoni mwa kikao. Anaweza kutia sahihi, kuukataa wote au sehemu yake, au kuuacha ukawa sheria bila sahihi yake. Sheria nyingi huanza kutumika siku 90 baada ya kikao kufungwa. Wanaofuatilia Bunge la Dodoma wanaijua hati ya dharura, inayoharakisha mjadala. Hapa kifungu cha dharura ni jambo jingine: huifanya sheria ianze mara moja gavana akishatia sahihi. Ndivyo ilivyokuwa kwa HB 1217.

Kuomba muswada ambao haupo

Huenda tatizo lako halimo katika muswada wowote. Omba basi mbunge wa wilaya yako auandikishe. Tafuta wilaya yako kwa anwani kwenye tovuti ya Bunge, kisha uandikie ofisi ya mbunge barua ya ukurasa mmoja: tatizo ni lipi, linawapata watu gani, sheria ya sasa inasema nini kama unaijua, na unaomba nini kibadilike. Huna haja ya kuandika kwa lugha ya kisheria, kwani Bunge lina ofisi yake ya kuandaa miswada. Omba kikao cha dakika 15, na uende na watu wawili watatu waliopatwa na jambo hilo. Fanya hivyo kati ya Julai na Oktoba, wabunge wakiwa majumbani na wana nafasi ya kusikiliza. Ikifika Desemba huanza kuwasilisha miswada yao ya Januari, na barua inayowafikia wakati huo huwakuta wameshajaza mikono.