Jinsi ya kufuatilia sisti ya damu kwenye ovari kwa ultrasaundi

Wadau wa chumba cha ultrasaundi, hii nawaandikia hasa nyie mnaoanza, maana kuna dada zetu wanaandikiwa "uvimbe kwenye ovari" basi, wanarudi nyumbani hawalali, wengine wanaanza kuulizia opareshen wakati sisti yenyewe (kifuko chenye maji au damu ndani) ingeisha yenyewe ndani ya wiki chache.

Hatua ya 1. Kabla hujashika probu (kile kifaa cha mkononi cha kupimia) muulize umri, hedhi ya mwisho ilianza lini na maumivu yalianza lini. Sisti ya damu ni ya mwanamke ambaye bado anapevusha mayai, yai likishatoka kile kifuko kilichobaki kinavujia damu kwa ndani. Kwa mama aliyekoma hedhi miaka mingi usiandike hivyo kabisa, mpe rufaa.

Hatua ya 2. Pima pande tatu, hifadhi picha zote. Kama ni maji matupu, ukuta mwembamba, haizidi sm 3 na anapata hedhi, hiyo ni folikali (kifuko cha yai linalokua), andika folikali usimtishe.

Hatua ya 3. Angalia ndani, na hapa usiwe na haraka. Damu ikiwa mbichi panaonekana peupe, unaweza kudhani ni nyama, siku zikisogea zinatokea nyuzi nyembamba zimepishana kama wavu wa dagaa, baadae damu inaganda, bonge linasinyaa na kujishikiza ukutani, kingo zake zimebonyea kwa ndani na ukisukuma kidogo na probu linatikisika. Sasa weka Dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita. Bonge la damu halina mshipa ndani yake, ukiona damu inapita humo ndani hiyo ni nyama, acha kuiita sisti ya damu.

Hatua ya 4. Tarehe ya kurudi. Kama picha ni hiyo ya kawaida na haijafika sm 5, kwa O-RADS (mwongozo wa kupanga uvimbe wa ovari kulingana na hatari yake) hahitaji kurudi, ikiwa kati ya sm 5 na 10 arudi baada ya miezi 2 hadi 3. Mpangie siku chache baada ya hedhi kuisha, la sivyo utakuta sisti mpya ya mwezi huo ukadhani ni ile ile imegoma kuisha.

Hatua ya 5. Akirudi tumia njia ile ile ya mwanzo (ya tumboni kibofu kijae, ya ukeni akojoe kwanza) na weka picha za zamani pembeni. Imeisha au imepungua sana, ilikuwa damu. Ipo vile vile na ndani kuna ukungu uliotanda sawasawa, fikiria endometrioma (sisti ya tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi iliyoota kwenye ovari). Ina weupe mkali na kivuli nyuma yake, hiyo dermoidi (uvimbe wenye mafuta, hata nywele ndani), haiishi yenyewe. Imeota kinundu chenye mishipa, rufaa siku hiyo hiyo.

Na akija kabla ya tarehe na maumivu makali ya ghafla huku anatapika, fikiria ovari imejisokota, mpigie daktari hapo hapo hata kama Dopla inaonyesha damu bado inapita, maana ovari iliyojisokota inaweza kuonyesha hivyo hivyo.