Andika Pale Ulipokwama

Kwa anayetaka kupitisha mwaka mzima na riwaya, ushauri wangu wa kwanza ni kuachana na Januari. Huku Newala, mkoani Mtwara, Januari mahitaji ya shule yamebana kila nyumba, magugu yameota mashambani, na wapo wanaosubiri bado malipo ya korosho. Mwaka wangu wa kusoma unaanza kifuku, yaani mvua zetu, kikishakolea, ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho limefungwa, na mimi karani sina tena foleni ya watu wanaoniuliza kilo zao. Unaishia korosho zinapoanza kudondoka. Wewe tafuta mwaka wako. Mwalimu ana wake, mama lishe ana wake, na mvuvi wa Msimbati anafuata bamvua. Ukifuata kalenda ya ukutani utaishia ukurasa wa ishirini, kisha utasema huna muda wa kusoma, na muda ulikuwepo ila mwezi mwingine.

Vitabu utavipata wapi? Madukani huku utakuta zaidi riwaya zinazotahiniwa, na watu huzidharau kwa sababu hiyo. Usizidharau. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi na Kufikirika ya Shaaban Robert zimepita mikononi mwa vijana wengi wa kidato cha tano na sita, na mitihani ikiisha zinalala juu ya kabati. Pita kwenye nyumba zenye kijana aliyemaliza shule, piga hodi, salimia wazazi vizuri, uliza. Utapewa bure au kwa bei ya soda.

Ila nenda na raba. Sitanii. Nakala yangu ya Vuta n'kuvute ilikuja na penseli kila pembeni: "dhamira", "ujumbe", "ukoloni", na pale Yasmini anapomkimbia mumewe mzee, Bwana Raza, mwanafunzi kaandika "nafasi ya mwanamke" akapigia mistari miwili. Nilifuta jioni nzima kabla ya kuanza. Msichana anatoka kwenye nyumba aliyoozeshwa bila kuulizwa; hapo mimi nataka nihofie miguu yake isije ikasikika, sitaki kuambiwa ni jibu la swali la ngapi.

Vilivyobaki agiza Dar kwa basi. Mwambie ndugu yako afunge kwa nailoni mara mbili, aandike jina na namba ya simu kwa maka peni, na akutumie picha ya risiti. Agiza kabla ya mvua kubwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kuja kusini ilikatika na mizigo ikalala njiani pamoja na abiria.

Sasa daftari, ambalo ndilo hasa nililokusudia kukuandikia. Nunua kaunta buku la kawaida. Kila riwaya ipe ukurasa mmoja, na usiandike muhtasari wa hadithi. Hadithi iko kitabuni, ukiitaka utaikuta. Andika kitabu kimetoka kwa nani (itakusaidia siku ya kurudisha), kisha andika kila mahali uliposimama kusoma na kilichokusimamisha. Siyo umeme kukatika wala mtoto kulia. Nasema pale ulipoweka kitabu kifuani ukaangalia dari. Namba ya ukurasa, sentensi moja au mbili, basi.

Nikupe mfano. Mwaka jana nilisoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake anadaiwa na tajiri, hana cha kulipa, anamtoa mtoto. Mtoto amewekwa rehani na mwenyewe hajui, anadhani anakwenda safari. Nilifunga kitabu. Katika daftari niliandika: "Mikorosho." Neno moja tu, lakini mtu wa huku ataelewa. Nimewaona wazee wakija kwenye mizani na magunia ambayo tayari si yao, kwa sababu walichukua hela ya kangomba, yaani waliuza mapema kwa bei ya kutupa, korosho zikiwa bado maua. Mzee anapima, anaweka dole gumba, na mwenye korosho sasa, yule aliyempa hela, amesimama nyuma yake anachezea simu. Nilikuwa nimeizoea picha ile hata siioni. Yusuf ndiye aliyenionyesha tena, na kama ningeandika muhtasari ningeishia "riwaya inahusu utumwa na biashara ya pwani", maneno ambayo hata jalada la nyuma lingeniambia.

Kitabu kikigusa historia, kitafute ardhini. Peponi kinatufikisha kwenye mlango wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kijerumani wakikusanya watu. Ukitoka Masasi kwenda Lindi unapita Nyangao, na hapo jirani ni Mahiwa, walikopigana Wajerumani na Waingereza Oktoba 1917, wengi wa waliokufa wakiwa Waafrika na watu wengine walioletwa na wakubwa wao. Mara nyingi nilipita hapo nimelala dirishani. Sasa silali.

Jambo lingine: msomee mtu. Macho ya bibi yangu hayasomi tena, kwa hiyo Juni na Julai, baridi ya uwanda huu inapotuingiza ndani mapema, namsomea yeye. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed ilitutosha majuma kadhaa. Rehema anakataliwa na baba yake Fuad, anahangaika, halafu linakuja suala la shamba. Mimi nilikuwa nimeshamezwa na huruma. Bibi akanikatiza.

"Hivi wajomba zake wako wapi?"

Nikamwambia, bibi, hawa ni watu wa Unguja, kwao mtoto ni wa baba, si wa wajomba kama huku kwetu.

"Hata. Mtoto ametupwa na wajomba hawajafika? Rudi nyuma, umeruka mahali."

Nikarudi nyuma kweli, maana bibi habishiwi. Sikuwa nimeruka. Lakini kuanzia hapo kila ukurasa tuliusoma tukiwasubiri wajomba, na ubaya wa Fuad ukawa mkubwa kuliko nilivyouona peke yangu. Maswali ya msikilizaji wako yaandike daftarini kama yako, weka tu alama ya nani aliuliza. Ya bibi nayawekea herufi B.

Msimu wa korosho ukianza, punguza. Usibebe riwaya nene kwenye mizani, utakosea kilo na utajibu kwa wakulima. Wakati huo mimi nasoma za upelelezi: Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, au Willy Gamba wa Elvis Musiba. Zinavumilia kukatizwa. Na usisikilize wanaoziita za kupoteza muda. Wengi wao mwaka mzima hawajasoma hata hiyo.

Kuacha kitabu ni ruhusa. Nagona ya Kezilahabi ni fupi, nyembamba kabisa, na iliniangusha mapema. Niliandika ukurasa niliofika, nikairudisha kwa mwenyewe na asante. Huenda nikairudia, huenda nisiirudie.

Mwaka wako ukiisha, kaa na daftari na kalamu nyekundu. Usihesabu vitabu. Pigia mstari sababu zinazojirudia. Mimi nilijua ni msomaji wa mapenzi, kila mtu hapa ananijua hivyo. Kalamu ikaniambia vingine: mapenzi yalinikwamisha mara chache sana. Kilichonikwamisha kitabu baada ya kitabu ni deni, na baada ya deni ni shamba.

Ukishaipata sababu yako, mpe muuza vitabu hiyo badala ya jina la mwandishi. Wengi wanasoma kuliko tunavyodhani na hakuna anayewauliza. Wangu wa Dar nilimpigia nikamwambia nataka riwaya yenye ugomvi wa shamba. Papo hapo akanitajia Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Adam Shafi tena, ya mwaka 1978, yenye tajiri wa mashamba Unguja na wanaomtumikia, Mapinduzi ya 1964 yakiwa njiani kumfikia. Nikamwambia na nyingine yenye deni. Akanyamaza kidogo, akaniomba nimpe wiki.