Jinsi ya Kupima Chumvi ya Visima Mombasa kwa Utafiti wa Chuo Kikuu

Mwanafunzi wa elimu ya maji aanzie visima vya mtaani. Ndani ya mwamba wa matumbawe, maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 za maji matamu chini yake, hivyo kisima kikitekwa kupita kiasi wakati wa kiangazi, chumvi hupanda.

Omba kwanza idhini ya mwenye kisima na umweleze matokeo yatatumiwaje, maana ni maji ya nyumba yake. Sawazisha kifaa cha kupimia upitishaji umeme, ambao huongezeka kadiri chumvi inavyozidi, kwa myeyusho wa kloridi ya potasiamu wenye mikrosimensi 1,413 kwa sentimita katika nyuzi 25 za Selsiasi. Teremsha utepe wa kupimia kina cha maji kutoka alama ileile ya rangi ukingoni, kabla ya ndoo za alfajiri kuanza kushuka.

Linalopuuzwa mno ni bahari yenyewe. Pima maji yakijaa na yakipwa, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na uandike saa. Kipimo kisicho na saa, kwa maoni yangu, hakifai kuingia katika tasnifu.

Ukielekea nyika kame ya Taru, usidhani chumvi yote ni ya bahari, kwani miamba na mvukizo huichangia pia. Ili kutambua chanzo, pima kloridi na bromidi: katika maji ya bahari uwiano wa kloridi kwa bromidi, kwa uzito, hukaribia 290.