Kuishi na saratani ya tezi dume iliyosambaa huku matibabu yakiendelea

Saratani ya tezi dume ikishasambaa hadi kwenye mifupa kwa kawaida haiponi kabisa, lakini hudhibitiwa, na wapo wanaume wengi wanaoishi nayo kwa miaka. Msingi wa matibabu ni kuunyima uvimbe testosteroni, homoni inayouchochea kukua, njia ambayo daktari mpasuaji Charles Huggins aliionyesha mwaka 1941 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Sindano za kushusha homoni hiyo mara nyingi huchomwa kila baada ya wiki 4 au 12, kutegemea dawa. Andika kwenye daftari tarehe ya sindano ijayo kabla hujatoka kliniki, na umpe mtu mmoja wa nyumbani jukumu la kuikumbuka pamoja nawe, kwa sababu ikichelewa testosteroni inaweza kupanda tena. Katika daftari hilohilo weka majibu ya kipimo cha PSA, yaani kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Jibu moja peke yake halisemi mengi. Mwelekeo wa majibu kadhaa ndio unaomsaidia daktari. Hata hivyo, maumivu mapya ya mfupa yaripoti hata kama PSA iko chini.

Ukiandikiwa abirateroni, dawa inayozuia mwili kutengeneza testosteroni, imeze tumbo likiwa tupu, yaani saa 2 au zaidi baada ya kula, kisha usile chochote kwa saa 1. Prednisoloni, dawa ya steroidi inayoambatana nayo, usiiache ghafla kwa uamuzi wako.

Upungufu wa testosteroni huleta joto la ghafla na jasho, uchovu, kupotea kwa hamu ya tendo la ndoa, kusinyaa kwa misuli na kudhoofika kwa mifupa. Hayo si udhaifu wa mwanaume, na mwenzi wako anastahili kuelezwa chanzo chake mapema, asije akadhani amechukiwa. Kwa uchovu, ajabu ni kwamba mazoezi husaidia kuliko kulala mchana kutwa. Kaa kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, simama taratibu bila kujishika, kisha keti taratibu vilevile. Rudia mpaka mapaja yaanze kuchoka, pumzika, uanze tena. Muulize daktari kwanza ni mijongeo gani ya kuepuka ikiwa mifupa imeathirika. Ukipangiwa dawa ya kuimarisha mifupa kama asidi ya zoledroniki, meno yakaguliwe kabla, kwa kuwa kung'oa jino baadaye kunaweza kudhuru taya.

Maumivu yasivumiliwe kimyakimya. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, haingoji siku za mwisho, na mionzi michache, pengine ya mara moja tu, inaweza kutuliza mfupa unaouma. Ukianza mofini, dawa kali ya maumivu, omba pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ukiwa kwenye tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, inahitaji hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Vivyo hivyo maumivu makali ya mgongo yanayozidi ukilala, miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na kila saa inayopotea inahatarisha uwezo wa kutembea. Ukifika, taja mara moja kwamba una saratani iliyofika kwenye mifupa, maana mhudumu asiyekujua anaweza kudhani ni mgongo wa kawaida na kukurudisha nyumbani na vidonge.